Chupa tatu za sherry kaunta: ipi tamu, ipi huharibika, na kwa nini

“Shikamoo mtaalamu. Ninafanya kazi kaunta ya vinywaji katika hoteli moja ya pwani. Tuna chupa tatu za sherry: Fino, Oloroso na Cream. Fino ilifunguliwa kama mwezi mmoja uliopita, na inakaa rafuni pamoja na wiski na jini. Juzi mgeni alirudisha glasi akasema imeshakufa. Nilishangaa, maana nilifundishwa kwamba sherry imeongezwa pombe kali ndiyo maana haiharibiki. Mgeni mwingine aliomba sherry tamu, nikampa Oloroso kwa kuwa rangi yake imekolea. Naye akasema haina utamu hata kidogo. Halafu lebo ya ile Cream ina neno Solera pamoja na mwaka wa karne ya 19. Je, kweli mvinyo huo una umri huo? Naomba unieleweshe aina hizi zimetoka wapi, zinatofautianaje, na nizitunzeje kwenye joto letu.”

Marahaba. Umefanya vema kuuliza badala ya kubishana na mgeni. Maswali yako yanaonekana kuwa matatu, lakini mzizi wake ni mmoja: ulifundishwa kuiona sherry kama kinywaji kimoja chenye rangi mbalimbali. Sivyo. Fino na Oloroso hutokana na zabibu za aina moja, ila hukomazwa kwa njia mbili zinazopingana. Moja huukinga mvinyo dhidi ya hewa, nyingine huuacha ukae na hewa kwa miaka. Ukiishika tofauti hiyo utajua ipi huharibika upesi, ipi hustahimili, na kwa nini rangi haikuambii lolote kuhusu sukari.

Majibu ya haraka kwanza, maana wageni hawasubiri. Fino ya mwezi mzima usiiuze tena. Oloroso yako huenda ni nzima kabisa, ila si kinywaji cha sukari, na aliyetaka tamu angepewa Cream. Mwaka ulio kwenye lebo si umri wa mvinyo uliomo ndani ya chupa.

Sasa hilo la kuongezwa pombe. Ni kweli, sherry nyingi huongezwa spiriti safi itokanayo na zabibu, yenye kilevi cha karibu asilimia 96. Lakini angalia inaishia wapi: Fino nyingi sokoni zina asilimia 15 tu. Ipo mivinyo myekundu ya kawaida kutoka nchi za joto inayofika 14.5 bila kuongezwa chochote, na hakuna anayeiacha wazi rafuni mwezi mzima. Wiski hudumu kwa sababu ina asilimia 40 au zaidi. Asilimia 15 huwazuia vijidudu wengi, ila haiizuii oksijeni, na oksijeni ndiyo iliyoiua Fino yako. Spiriti haikuwekwa humo kwa ajili ya kuilinda chupa iliyofunguliwa. Iliwekwa ili kuamua mvinyo upite njia ipi ghalani, miaka mingi kabla chupa haijakufikia.

Sherry ya kweli hutoka sehemu moja tu duniani, eneo la Jerez, hasa katika mkoa wa Cádiz huko Andalusia, kusini mwa Hispania. Miji yake mikuu ni mitatu: Jerez de la Frontera ulio bara kidogo, El Puerto de Santa María ulio kando ya ghuba, na Sanlúcar de Barrameda ulio mdomoni mwa mto Guadalquivir. Mashamba bora yako kwenye udongo mweupe wa chokaa uitwao albariza. Mvua ya huko, kama milimita 600 kwa mwaka, hunyesha zaidi majira ya vuli na baridi, kisha kiangazi kinakuwa kikavu kabisa. Albariza hunyonya maji hayo na kuyahifadhi chini, huku uso wake ukikauka na kuwa ganda gumu linalopunguza upotevu. Baada ya mavuno wakulima huchimba vishimo vya mstatili kati ya mistari ya mizabibu ili maji ya mvua yasiteremke na mteremko, na vishimo hivyo hufukiwa mvua zikiisha.

Zabibu inayotawala ni Palomino. Mvinyo wake wa mwanzo hauvutii sana: mweupe, mwepesi, wenye kilevi cha asilimia 11 hadi 12 hivi, usio na harufu kubwa. Upole huo ndio unaoufaa, kwa sababu karibu kila utakachokionja baadaye kitatoka kwenye ukomazaji. Sukari yote imeshaliwa na chachu wakati wa uchachushaji. Shika hilo: sherry zote za Palomino huanza bila sukari, na ile yenye sukari iliongezewa utamu baadaye.

Mvinyo ukishatulia, waonjaji huugawa. Ule mwororo zaidi, uliotoka kwenye mkamuo wa kwanza, huongezwa spiriti hadi asilimia 15 au 15.5. Ule mzito zaidi hufikishwa 17 au 18. Spiriti haimwagwi peke yake, maana ingeushtua mvinyo na kuutia ukungu. Kwanza huchanganywa nusu kwa nusu na mvinyo, mchanganyiko ukaachwa utulie, ndipo ukatiwa kidogo kidogo. Tofauti ya asilimia mbili tu inaonekana ndogo, ila ndiyo njia panda yenyewe. Kwenye 15, chachu za aina fulani huweza kuishi juu ya mvinyo. Kwenye 17 na kuendelea, haziwezi.

Chachu hizo hujikusanya zikafanya utando mweupe wenye mikunjo, mfano wa ule unaojiweka juu ya maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Kwa Kihispania unaitwa flor. Ili upate nafasi, pipa la mwaloni la lita 600 hujazwa lita 500 tu. Utando huo hula kilevi na gliseroli ya mvinyo, hutumia oksijeni inayotaka kuingia, na huacha kemikali iitwayo asetaldehaidi, yenye harufu kali ya tufaha lililopondwa, unga wa mkate uliochachuka na lozi. Kwa kuwa gliseroli huliwa, mvinyo hubaki mwepesi na mkavu mno mdomoni. Kwa kuwa oksijeni haipiti, rangi yake hubaki ya majani makavu. Hiyo ndiyo Fino.

Utando huu ni kiumbe hai na una masharti. Hupenda joto la wastani na unyevu mwingi hewani, ndiyo maana maghala ya huko, yaitwayo bodega, yamejengwa na dari za juu sana, kuta nene, madirisha madogo karibu na paa yanayopokea upepo wa baharini, na sakafu ya mchanga inayomwagiwa maji wakati wa joto. Sanlúcar, uliokaribiana zaidi na bahari, una utando mnene mwaka mzima. Fino inayokomazwa huko ina jina lake, Manzanilla, na walio wengi huiona nyepesi zaidi, yenye mguso wa chumvi. Mgeni akikuomba Manzanilla nawe una Fino tu, mwambie wazi kwamba ni ndugu wa karibu, kisha umpe. Ila usimpe Oloroso.

Hapa ndipo jibu la chupa yako lilipo. Fino imeishi maisha yake yote chini ya ulinzi. Siku ya kutiwa chupani huchujwa, utando ukaondolewa, na kuanzia hapo haina mlinzi. Kizibo kinapofunguliwa, oksijeni iliyozuiwa kwa miaka huingia kwa mara ya kwanza. Ndani ya siku chache ule uchangamfu hupungua, rangi huelekea dhahabu iliyofifia, na ladha hubaki butu yenye uchungu mwishoni. Kwenye nyuzi 30 za chumba cha pwani mambo hayo huenda mbio zaidi. Mgeni wako alikuwa na haki.

Oloroso ilipita njia ya pili. Tangu ilipofikishwa 17 au 18 haikuwahi kuwa na utando, hivyo oksijeni imekuwa ikipenya taratibu kupitia mbao za pipa kwa miaka mingi. Rangi yake ilikolea kwa sababu hiyo, na si kwa sababu ya sukari. Mapipa hupoteza mvinyo kila mwaka kwa kuvukizwa, na katika hali ya bodega maji hutoka kwa wingi kuliko kilevi, kwa hiyo Oloroso ya zamani huweza kupanda hadi asilimia 20 na zaidi. Gliseroli yake haikuliwa na chachu, ndiyo maana ni nzito, laini, na hutoa harufu ya jozi, ngozi, tumbaku na zabibu kavu. Pua hupokea harufu hizo ikategemea utamu, ulimi ukakuta mkavu. Wengi hudanganyika hapo, si wewe peke yako. Kuna sababu nyingine pia: zamani ziliuzwa chupa zilizoandikwa Oloroso huku zimetiwa utamu. Kanuni za sasa haziruhusu. Ikitiwa utamu lazima iitwe kwa jina la aina ya utamu wake, kama Cream. Kwa hiyo Oloroso ya leo yenye nembo ya bodi ya usimamizi ya Jerez ni kavu, haizidi gramu 5 za sukari kwa lita.

Kati ya njia hizo mbili kuna aina mbili zinazonipendeza kuliko zote, na ukipata nafasi mwombe mkuu wako anunue walau moja. Amontillado huanza kama Fino. Huishi chini ya utando kwa miaka kadhaa, kisha utando hufa, ama kwa kukosa chakula au kwa kuwa mvinyo umeongezwa spiriti tena, ndipo oksijeni inapoingia kumalizia kazi. Matokeo yake ni rangi ya kaharabu, ukali wa Fino na kina cha Oloroso kwa pamoja. Palo Cortado ni adimu: mvinyo uliochaguliwa kuwa chini ya utando ukaonyesha mwenendo mwingine, mtunza ghala akaupeleka kwenye njia ya hewa. Una harufu karibu na ya Amontillado na uzito karibu na wa Oloroso. Zote mbili ni kavu.

Sasa tuje kwenye tamu, kwa maana wageni wako wengi watataka hizo. Chanzo cha utamu wa asili ni zabibu mbili, Pedro Ximénez na Moscatel. Pedro Ximénez huvunwa ikiwa imeiva sana, ikatandazwa juani kwenye mikeka siku kadhaa hadi inyauke na kuwa nusu kavu. Maji yake ni mazito kama shira, na chachu huishindwa mapema sukari hiyo, kisha spiriti huusimamisha uchachushaji kabisa. Kisheria lazima iwe na angalau gramu 212 za sukari kwa lita, na nyingi hupita 350. Sehemu kubwa ya Pedro Ximénez inayokomazwa Jerez hulimwa jirani, Montilla-Moriles katika mkoa wa Córdoba, ambako joto ni kali zaidi. Kanuni zinaruhusu hivyo. Cream ni Oloroso iliyochanganywa na mvinyo huo mtamu, ikawa na gramu 115 hadi 140. Medium huwa kati ya 5 na 115, upana ambao ni mkubwa mno, kwa hiyo iionje kabla hujamwahidi mgeni chochote. Pale Cream ni mvinyo wa njia ya utando uliotiwa utamu lakini ukabaki na rangi hafifu, gramu 45 hadi 115. Umeona: Pale Cream ni nyeupe na tamu, Oloroso ni kahawia na kavu. Rangi isikudanganye tena.

Na ule mwaka wa karne ya 19. Mapipa ya sherry hupangwa kwa madaraja. Daraja la mwisho, ambalo ndilo hutolewa mvinyo wa kutia chupani, huitwa solera, na yaliyo nyuma yake huitwa criadera. Pipa halikaushwi kamwe. Hutolewa sehemu tu, nafasi ikajazwa kutoka daraja linalofuata, hilo nalo likajazwa kutoka la nyuma yake, hadi daraja changa kabisa linalopokea mvinyo mpya. Mwaka kwenye lebo kama yako huonyesha wakati solera hiyo ilipoanzishwa, au kumbukumbu fulani ya kampuni.

Tupige hesabu. Chukulia madaraja manne, na kila mwaka hutolewa robo ya kila pipa. Mvinyo hukaa wastani wa miaka minne katika kila daraja, kwa hiyo unachotia chupani kina wastani wa miaka 16. Je, mvinyo wa kwanza kabisa kutiwa katika pipa hilo la mwisho bado umo? Kila mwaka hubaki robo tatu yake. Baada ya miaka 50, katika pipa la lita 500 hubaki pungufu ya nusu mililita. Baada ya miaka 150 huwezi tena kuusema upo. Kwa hiyo mgeni akiuliza, mjibu hivi: “Mfumo ndio wenye umri huo, mvinyo ni mchanganyiko wa miaka mingi.” Ukitaka umri uliothibitishwa, tafuta alama za VOS, wastani usiopungua miaka 20, au VORS, usiopungua 30. Alama hizo zilianzishwa mwaka 2000 na hutolewa baada ya jopo la waonjaji na maabara kuupima mvinyo. Hutazikuta kwenye Fino, kwa sababu utando hauwezi kulishwa miaka yote hiyo.

Solera hutoa faida mbili. Huweka ladha ileile mwaka hadi mwaka, na kwa Fino mvinyo mpya unaoingia huleta chakula cha utando. Bila kuulisha hivyo utando ungekufa na Fino ingegeuka Amontillado yenyewe.

Historia yake ni ndefu. Wafoinike waliojenga Gadir, yaani Cádiz ya leo, walishakuwa na mizabibu upande huo, na mabaki ya makamulio yao yamefukuliwa karibu na El Puerto. Baada ya Warumi walikuja Waislamu mwaka 711, wakauita mji wa Jerez Sherish, jina ambalo Waingereza baadaye walilitamka sherry. Elimu ya kukeneka ilienea huko zama zao, na zabibu ziliendelea kulimwa, zikiwemo za kukausha. Mfalme Alfonso X wa Castilla aliutwaa mji mwaka 1264. Mwaka 1587 Francis Drake aliivamia bandari ya Cádiz na kuondoka na mapipa yapatayo 2,900 ya mvinyo wa eneo hilo, na tangu hapo hamu ya London haikukatika. Karne ya 18 wafanyabiashara kutoka Uingereza na Ireland walihamia hukohuko. Majina kama Osborne na Garvey yametokana na wimbi hilo.

Jambo la kushangaza ni kwamba sherry kama unavyoijua wewe si ya kale kiasi hicho. Chama cha wenye mizabibu cha Jerez kilizuia kwa muda mrefu wafanyabiashara wasirundike mivinyo ya zamani. Mivinyo iliuzwa ikiwa michanga, na spiriti iliongezwa ili iweze safari ya bahari. Wanunuzi wa Uingereza ndio waliotaka mvinyo uliokomaa na usiobadilika ladha. Chama hicho kilivunjwa mwaka 1834, na solera, zilizokwisha kuanza kutumika, zikaenea haraka. Fino nyeupe chini ya utando ilipata heshima baadaye katika karne hiyohiyo. Kisha mdudu filoksera, anayekula mizizi, aliingia Jerez mwaka 1894, na mashamba yakapandwa upya kwa kubebeshwa juu ya mashina ya mizabibu ya Marekani.

Cream ni mtoto wa soko la Uingereza, hasa wafanyabiashara wa bandari ya Bristol waliotengeneza michanganyiko mitamu kwa wateja wao. Ilifanikiwa mno, hata dunia ikadhani sherry yote ni tamu. Miaka ya 1970 kilimo kilipanuliwa kupita kiasi, bei zikaanguka, na mizabibu mingi ikang’olewa baadaye. Wakati huohuo nchi nyingine ziliuza mivinyo yao kwa jina la sherry: Cyprus, Afrika Kusini, hata Uingereza yenyewe. Tangu mwaka 1996 ndani ya Umoja wa Ulaya jina hilo ni la Jerez peke yake, na Afrika Kusini nayo ilikubali kwa mkataba kuliacha hatua kwa hatua. Ukikuta chupa ya zamani ya Afrika Kusini ghalani mwenu, inaweza kuwa kinywaji kizuri, lakini haya niliyoyaeleza usiyategemee yaifae.

Turudi kaunta. Chupa zote za sherry zisimamishwe wima, zisilazwe, ili mvinyo usikae na kizibo na uso unaogusa hewa uwe mdogo. Mwanga na joto ni maadui, kwa hiyo rafu ya maonyesho yenye taa si mahali pake. Fino na Manzanilla ambazo hazijafunguliwa nywewe ndani ya mwaka mmoja, au mmoja na nusu, tangu zitiwe chupani. Ghala lenu likifika nyuzi 28 au 30, ziwekeni kwenye friji hata zikiwa bado na lakiri. Zikishafunguliwa ni friji siku zote, na mwisho ni wiki moja. Kwa kweli siku tatu za kwanza ndizo zenye ladha kamili. Amontillado hustahimili wiki mbili hadi tatu, Oloroso na Cream mwezi hadi mwezi na nusu, Pedro Ximénez miezi miwili hivi, nazo pia ndani ya friji kwa joto letu. Ziweke nyuma ya friji, si mlangoni, ambako joto hupanda kila linapofunguliwa na umeme ukikatika. Andika tarehe ya kufungua kwenye plasta na uibandike chini ya chupa. Kazi hiyo ya sekunde kumi ingekuokoa juzi.

Watu huuza pampu za kunyonya hewa. Kwa Fino sizipendekezi sana, kwa sababu oksijeni iliyokwisha kuyeyuka ndani haitoki na pampu huvuta harufu pamoja na hewa. Mitungi ya gesi ya kufunika mvinyo hufanya kazi vizuri, ila gharama yake haileti maana kwa hoteli inayouza glasi mbili kwa wiki. Njia ya bei nafuu ni hii: tafuta chupa safi ya mililita 375, isuuze kwa maji yaliyochemka bila sabuni, iache ipoe na ikauke. Siku unapofungua Fino, ijaze hiyo ndogo papo hapo hadi karibu na mdomo, funga, weka kwenye friji. Tumia kwanza ile nusu iliyobaki kwenye chupa kubwa. Hiyo ndogo, kwa kuwa haina nafasi ya hewa, itakuongezea wiki nyingine. Bora zaidi ni kununua chupa za 375 tangu mwanzo. Mililita 750 hutoa glasi kumi za 75, na kama hamuuzi glasi kumi za Fino kwa wiki, chupa kubwa inawatia hasara.

Kuhusu kuitambua iliyoharibika, tahadhari moja. Fino mpya nayo ina harufu ambayo asiyeizoea huiita mbovu. Ukifungua chupa mpya, mimina kidogo, inuse, iangalie dhidi ya karatasi nyeupe, ionje kisha uteme. Hicho ndicho kipimo chako. Iliyochoka itakuwa na rangi nzito zaidi, harufu iliyolala na mwisho mchungu. Haina sumu. Kama haina harufu ya siki wala ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, mpishi anaweza kuitumia kwenye supu au mchuzi wa uyoga. Ikiwa na harufu hizo, imwagwe. Vijiwe vidogo vinavyong’aa chini ya chupa ni chumvi za zabibu, havina madhara. Chupa iliyoandikwa en rama imechujwa kidogo tu, kwa hiyo ukungu hafifu ni wa kawaida.

Kumimina: Fino kwa nyuzi 6 hadi 8, kwenye glasi ndogo ya mvinyo mweupe, si vile vigilasi vya ukubwa wa kidole visivyotoa harufu. Oloroso na Amontillado ni nyuzi 12 hadi 14. Zitoe friji dakika kama 15 kabla, zaidi ya hapo kwa joto la pwani zitapita kiasi. Cream hupendeza kwenye nyuzi 10 hadi 12, au juu ya barafu na kipande cha chungwa. Pedro Ximénez yatosha mililita 50, au imwagie juu ya aiskrimu ya vanila. Kwa chakula, Fino ikae na kamba wa kukaanga, ngisi, korosho za chumvi. Oloroso na nyama ya ng’ombe iliyopikwa polepole. Mchuzi wa nazi wenye pilipili huionea Fino, hapo jaribu Medium.

Mambo mawili ya uaminifu kwa wageni. Mvinyo ukipikwa kilevi hakiishi chote, kwa hiyo mlaji asiyetumia pombe aambiwe kabla kwamba mchuzi una sherry. Siki ya Jerez pia huweza kubaki na kilevi kidogo, naye aambiwe hivyohivyo achague mwenyewe. Na sherry ya kupikia iliyotiwa chumvi isikae kamwe karibu na chupa za kuuza. La pili ni sukari: glasi ya mililita 75 ya Cream ina gramu 9 hadi 10, na mililita 50 za Pedro Ximénez huweza kufika 20. Mwenye kisukari au anayetumia dawa usimpe ushauri wa kaunta, amuulize daktari wake.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Kizibo kikivuja, au chupa ya Fino ikiwa imebadilika rangi kabla ya kufunguliwa, usiionje mwezi mzima ukijiuliza; irudishe kwa msambazaji ikiwa na risiti na umwombe akutafsirie namba ya toleo iliyochapwa kwenye chupa, ambayo huonyesha ilitiwa lini. Kagua pia kama nyuma kuna lakiri ya bodi ya Jerez. Bodi hiyo hutambua wakufunzi waliofuzu kuhusu sherry, nao wapo katika nchi nyingi. Msambazaji mkubwa anaweza kumwalika mmoja aje awaonjeshe wahudumu wote pamoja, glasi nne au tano bega kwa bega, kuanzia Fino hadi Pedro Ximénez. Mwombe mkuu wako aulizie hilo kwenye oda ijayo, pamoja na Fino za nusu chupa.